Mama Anashona, Mimi Nafumua

Mama mkubwa wangu ni fundi cherehani, na katika kazi yake lipo neno moja asilopenda kulisikia mlangoni: imefumuka. Mteja akiingia na mfuko, akautua mezani na kusema, "Fundi, ile nguo imefumuka," mama huacha kila alichokuwa anafanya. Huigeuza nguo ndani nje, huuvuta mshono kwa vidole gumba viwili. Nguo ikichanika, kosa ni la aliyeivaa. Ikipauka, ni jua na sabuni. Lakini ikifumuka, fundi hana pa kusingizia.

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Cherehani iko dirishani, pedali yake imelika upande wa kulia kwa miaka ya mguu mmoja kukanyaga palepale. Ukutani kuna msumari wa mkasi, msumari wa futi ya kupimia, na msumari wa kalenda ambayo hakuna anayeigeuza. Sakafu imejaa vipande vya vitambaa na nyuzi zinazokung'ang'ania suruali na kukufuata hadi nyumbani. Nje ya dirisha, barazani, anakaa fundi viatu tunayemwita Soli. Dirisha halina kioo, kwa hiyo wawili hawa wameongea mchana kutwa kwa miaka mingi, mmoja akitazama sindano yake na mwingine kiatu chake, bila kuangaliana usoni.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Mama yangu alipofariki nililetwa hapa, nikamkuta binti yake, dada yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kwanini. Kazi yake utotoni ilikuwa kupita chini ya meza na sumaku akiokota pini zilizoanguka. Siku moja alichomoza kichwa akauliza, "Mama, kwa nini sumaku inaokota pini na haiokoti uzi?"

"Kwa sababu uzi una akili zake," mama akajibu. "Haufuati kila anayeuita."

Soli alicheka hadi nyundo ikamdondoka. Kwanini hakucheka. Alirudi chini ya meza kuujaribu uzi upya, na nadhani hakuwahi kutoka huko. Alipomaliza chuo alipata nafasi ya kuendelea na masomo katika nchi ya mbali, nchi ya baridi, akaondoka na sweta mbili alizofumiwa na mama kwa mikono.

Watu walipouliza, "Fundi, binti yako anasomea nini?" mama alikuwa akijibu, "Anasoma mbali." Akiona hawajaridhika aliongeza: "Mbali sana." Hakuwa anaficha. Hakujua. Kila alipomuuliza kwenye simu, Kwanini alisema, "Nasoma jinsi ulimwengu ulivyoanza, mama," naye akasema, "Hilo si lilishajulikana?" wakacheka, wakahamia kwenye habari za afya. Kwanini alijaribu kueleza zaidi mara kadhaa, lakini kila sentensi aliyoianza kwa lugha ya nyumbani ilikwama katikati. Yale mambo alifundishwa kwa lugha nyingine, na maneno yake hayakuwahi kufika kwenye meza ya cherehani.

Hili linanichoma mpaka leo. Mwanamke anamsomesha mtoto kwa mguu wake wa kulia, halafu alichokisoma mtoto kinafungiwa katika lugha ambayo mama yake hana ufunguo wake. Tunasema elimu ni ya wote. Ya wote wepi?

Basi siku moja alasiri simu iliita. Mama alikuwa anapunguza kiuno cha sketi na mwenye sketi amekaa kwenye kiti anasubiri. Akaiweka simu mezani ikiwa na sauti ya wazi ili mikono iendelee na kazi. Mimi nilikuwa napiga pasi.

"Mama! Nimelipata neno!" Kwanini alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeshinda mpira. "Siku zote unaniuliza nasoma nini. Nimelipata neno lake kwa lugha yetu. Nasoma mfumuko!"

"Unasoma nini?"

"Mfumuko, mama. Mfumuko wa ulimwengu. Wiki hii nitasimama mbele ya walimu wote kuueleza."

Mama alisimamisha pedali. Akamtazama mteja, akaitazama simu.

"We mtoto," akasema, "yaani mimi nashona maisha yangu yote, kumbe wewe uko huko unafumua?"

Mwenye sketi aliangua kicheko. Soli akadakia kutoka dirishani, "Haya, fundi, umezaa mshindani!" Mimi pia nilicheka. Katika kelele ile hatukusikia Kwanini alisema nini. Mama alisema, "Ngoja nimmalizie mtu sketi yake, mwanangu, nitakupigia," akakata.

Jioni ile mteja mwingine alileta kazi ya haraka. Kesho yake umeme ulikatika na simu haikuwa na chaji. Mambo ya kawaida kabisa. Kabla wiki haijaisha tulipigiwa sisi. Kwanini alikuwa anavuka barabara asubuhi kwenda chuoni, barafu imeganda barabarani, gari likashindwa kusimama.

*

Mazishini chuo chake cha kwanza, cha hapa nyumbani, kilileta mwakilishi, mzee mwenye koti zuri, akasoma karatasi ya rambirambi. Akasema marehemu alikuwa mwanafunzi hodari wa mfumuko. Hakuongeza neno. Nikasikia minong'ono nyuma yangu. Jirani mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe alikuwa mtu wa uchumi. Angetusaidia, sukari hii." Wakati wa kutoa mkono wa pole wengine walimwambia mama kwa huruma ya kweli kwamba taifa limepoteza mtu, maana bei zimepanda na waliokuwa wanasomea kuzishusha ndio wanaondoka. Mama aliitikia kila mmoja, "Asante, asante," bila kuelewa bei zimeingiaje kwenye msiba wake.

Baadaye alimfuata yule mzee wa koti. Nilikuwa nimemshika mkono.

"Baba, samahani. Mwanangu alikuwa anasoma nini hasa?"

"Mambo ya anga za mbali, mama. Hesabu nyingi. Ni magumu."

"Magumu kiasi gani?"

Mzee akatabasamu, akampigapiga begani. "Magumu, mama. Wewe mwombee tu."

Nilitaka kumjibu. Mama aliubana mkono wangu.

Baada ya msiba alirudi kwenye cherehani, lakini mkono wake ulikuwa umebadilika. Kila mshono aliupita mara mbili, kisha mara tatu, kisha akaushindilia kwa mkono juu yake. Nguo zake zikawa ngumu kama turubai. Mteja mmoja alirudisha gauni akisema hawezi kukaa nalo chini.

"Dada," Soli akamwambia kwa upole, "hiyo ni nguo ya mtu au hema la jeshi?"

"Haitafumuka."

"Haitavalika pia."

Mama alipitisha mshono mwingine juu ya uleule. Baada ya muda akasema, akiwa bado ametazama sindano: "Nilimwambia anafumua."

"Ulikuwa mzaha, dada. Nilikuwepo. Tulicheka wote."

"Tulicheka sisi. Yeye alicheka?"

Soli aliinua kiatu, akakitazama soli yake kwa muda mrefu, akakirudisha chini.

"Mtoto anatafuta neno miaka yote hiyo ili mama yake aelewe," mama akasema. "Analipata. Ananipigia. Mimi namwambia mbele ya watu kwamba anaharibu kazi yangu. Na sikupiga tena simu. Ameondoka na hilo."

Nyuma ya mlango, chini ya karatasi ya nailoni, lilitundikwa gauni la bluu iliyokolea. Kwanini aliliomba kwa ajili ya siku ya kuhitimu na akatuma vipimo vyake kwa ujumbe wa simu. Mama alishalikata na kulipiga bandi, ile mishono mirefu ya uzi mweupe ambayo fundi hushikizia vipande kwanza kabla ya kushona kwenyewe. Halikuguswa tena. Niliwahi kumuuliza kama nilitoe pale. "Liache," akasema. "Siwezi kulishona na siwezi kulifumua. Nitamshoneaje mtu ambaye sijui kama aliondoka amenikasirikia?"

Hilo ndilo lililobaki kwake. Kifo alikuwa amekikubali, kwa namna ambayo mimi sijakikubali. Alichotaka ni kujua kile kicheko chetu kilimfikiaje mwanawe huko alikokuwa.

*

Mgeni alikuja msimu wa mvua ukiisha. Binti mrembo mwembamba, mgongoni begi, mkononi karatasi yenye ramani aliyochorewa na mtu wa kituo cha mabasi. Alisimama mlangoni akataja jina la Kwanini, lile la vyeti, na sisi ilituchukua muda kulitambua.

Alikuwa amesoma na Kwanini darasa moja na kupanga naye nyumba moja. Lugha yetu hakuijua, hata salamu. Aliongea ile ya vyuoni, nami nikawa mkalimani. Mama alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akampa chai, akamwita "mwanangu" kana kwamba neno hilo halihitaji mkalimani. Na kweli halikuhitaji.

Alileta vitu vya Kwanini vilivyosalia: sweta moja kati ya zile mbili, kikombe, miwani. Mama aliishika ile sweta, akaigeuza ndani nje. Kwenye kiwiko palikuwa na tobo lililozibwa kwa uzi wa rangi tofauti, mishono mikubwa, ya ovyo.

"Nani ameshona takataka hii?" mama akauliza.

Nikatafsiri. Mgeni akasema, "Mwenyewe."

"Mtoto wa fundi huyo!" Soli akasema kutoka dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona pembe za midomo ya mama zikitikisika.

Kisha mama akaniambia, "Muulize. Mwanangu alikuwa anasoma nini? Na asiniambie ni magumu."

Nikauliza. Mgeni hakusema ni magumu. Alikaa mbele kwenye kiti, akaongea taratibu, akisimama ili nipate nafasi, na pale niliposhindwa tulirudi nyuma wote wawili. Alisema kwamba vitu vyote tunavyoviona, jua, nyota, mawingu, hii nyumba, mwanzoni vilikuwa vimebanana mahali padogo kuliko tundu la sindano. Si vitu vyenyewe, bali kile ambacho baadaye kilikuja kuwa vitu. Halafu, katika muda mfupi kiasi kwamba kufumba jicho kukilinganishwa nao ni kama milele, nafasi yenyewe ikapanuka ghafla kupita akili. Ndiyo wanaita mfumuko.

"Ikapasuka?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Haikupasuka. Ilivutika."

"Kitambaa kikivutwa ghafla kinachanika."

"Hiki hakikuchanika."

Mama akafikiri. "Ikaumuka, basi. Kama mkate."

"Karibu na hapo. Ila mkate unaumukia chumbani. Hapa kilichoumuka ni chumba chenyewe."

"Hee!" Soli akasema huko nje. "Na mwenye nyumba alikuwa wapi?"

"Soli, nyamaza, mtoto anasomesha," mama akasema. Alisema hivyo kwa mazoea. Alikuwa akimwambia maneno hayohayo zamani, Kwanini alipokuwa anasoma kwa sauti chini ya meza. Akatambua alichosema, akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Endelea."

Mgeni akaendelea. Alisema kwamba kabla ya kuvutwa, ile nafasi haikuwa laini kabisa. Ilikuwa na mitetemo midogo, tuseme mikunjo, isiyoonekana. Ilipovutwa, mikunjo ile nayo ikavutwa, ikawa mikubwa kuliko chochote. Baadaye, penye mikunjo ndipo vitu vikakusanyika, polepole sana, vikawa nyota na makundi ya nyota. Kwanini alikuwa anaitafuta alama ya mikunjo hiyo katika mwanga wa kale kuliko wote, mwanga uliosafiri tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na ambao bado unatufikia.

"Hata hapa?"

"Hata hapa, mama. Umo chumbani humu. Ni hafifu tu, macho hayauoni."

Mama akatazama chumba chake: cherehani, pasi, msumari wa futi. "Na kama isingekuwepo mikunjo?"

Hilo mgeni alilijibu upesi. "Isingekuwepo nyota. Tusingekuwepo sisi. Pangekuwa na utupu laini tu."

"Kwa hiyo kufumuka huko hakukuharibu kitu."

"Ndiko kulikoleta kila kitu, mama."

Nilipomaliza kulitafsiri jibu hilo, mama aliinyoosha sweta magotini kwa viganja. Nilidhani swali lake limekwisha. Lakini kujua Kwanini alisoma nini hakukumwambia kama Kwanini alimsamehe. Nami sikuwa na jibu hilo, na nilijua mgeni hawezi kuwa nalo.

Ndipo mgeni akasema kwamba na yeye alikuwa na swali. Lilikuwa limemkaa tangu siku ile. Siku Kwanini aliposimama mbele ya walimu kueleza kazi yake, siku mbili kabla ya ajali, alianza kwa sentensi ya lugha yake. Ukumbi mzima ukabaki kumtazama. Akacheka mwenyewe, peke yake pale mbele, akacheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. Mwalimu wake akamwomba awatafsirie. Akajaribu, akaanza mara mbili, akatikisa kichwa akasema haitafsiriki, ni maneno ya mama yake. Kisha akaanza somo.

"Nilimwomba anifundishe," mgeni alisema. "Alinifundisha usiku ule tukipika. Sijui maana yake. Naomba mniambie."

Akakunja uso kama mtoto anayekumbuka shairi, akasema, kila silabi mahali pasipo pake:

"Ma-ma a-na-sho-na, mi-mi na-fu-mu-a."

Pedali ya cherehani ililia. Mama alikuwa ameikanyaga bila kujua. 

"Rudia," mama akasema. Sikutafsiri, mgeni alielewa, akarudia.

"Alicheka?" mama akauliza. "Muulize vizuri. Alikuwa anacheka au analia?"

Nikauliza. Mgeni akanyamaza kidogo. Nilimheshimu kwa kunyamaza kule, kwa kutokimbilia jibu tamu.

"Alianza kwa kucheka," akasema. "Mwishoni sijui. Aliposhuka alinikumbatia akasema amemkumbuka mama yake, na kwamba atampigia Jumapili."

Jumapili hiyo ndiyo tuliyokuwa tunapokea watu wa msiba.

Mama alifunika uso kwa sweta. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya mazishini, na mgeni akapiga magoti sakafuni kwenye nyuzi akamshika miguu. Mimi nilisimama na pasi mkononi, imezimwa, sijui kwa nini nilikuwa nimeishika. Katikati ya kile kilio nikasikia kitu kingine kikichomoza, kikafunikwa, kikachomoza tena. Mama alikuwa anacheka.

"Mbele ya walimu!" akasema. "Mtoto mjinga huyu! Mbele ya walimu wote!"

*

Mgeni aliondoka kesho yake. Mama alimfungia mkate na kumshonea upya mkanda wa begi, mshono mmoja tu, wa kawaida.

Alipotoka, mama aliliondolea karatasi ya nailoni lile gauni la bluu akalitandaza mezani. Akatia uzi wa bluu kwenye sindano, akaanza kushona. Alishona mchana kutwa. Hakurudia mshono hata mmoja. Wateja waliokuja aliwaambia waache kazi zao na kurudi siku nyingine.

Soli alivumilia alivyoweza, kisha akaingiza kichwa dirishani. "Dada, usinielewe vibaya. Hilo litavaliwa na nani?"

"Halivaliwi. Linamalizwa."

Soli akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiatu chake.

Jua lilipokuwa limefika ukuta wa upande wa pili, gauni lilikuwa tayari, ila lilikuwa limejaa bandi, nyuzi nyeupe ndefu zikipita kila mahali juu ya bluu. Mama akachukua wembe, akakata kichwa cha uzi wa kwanza kwenye bega, akaushika kwa vidole viwili na kuuvuta. Ukatoka wote, mrefu, mlaini, bila kuacha alama. Akaudondosha sakafuni. Akakata wa pili.

"Unafanya nini, mama?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa naona.

"Nafumua," akasema.

Nje Soli alifungua mdomo kutania, nikamwona, kisha akaufunga. Mama aliendelea kuvuta nyuzi moja baada ya nyingine, na kila moja ilipotoka midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayesikiliza simu ya mbali yenye sauti hafifu.